Ushanga Mdogo Ndani ya Pamba

Kila siku akitoka shule, Sindano alivua sare, akanawa miguu na kukaa kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama yake. Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu hakuna mtu pale mtaani aliyeweza kumshinda kutunga uzi. Mama alishona, Sindano akatia vifungo na kukata nyuzi zilizoning'inia. Jioni shangazi, ambaye alikuwa msusi, alirudi kutoka kibandani kwake na kuanza utani wake.

"Wifi, gauni langu bado tu? Basi nitalivaa nikiwa kikongwe."

"Ukikongoroka litakutosha vizuri zaidi," mama alimjibu, na wote wakacheka.

Wiki ile kazi ilikuwa tofauti. Muuguzi wa zahanati alitaka kuwafundisha wanawake wa mtaa kujichunguza matiti, akamwomba mama amshonee matiti ya kitambaa yaliyojazwa sponji na pamba. Jirani mmoja alichungulia dirishani na kuuliza kama ile ilikuwa mito ya paka.

"Ni ya kumfundishia mkeo," mama alimwambia bila kuinua kichwa. "Na wewe njoo. Hata wanaume hupata saratani hii, ingawa ni wachache."

Jirani akaondoa kichwa dirishani, akaenda zake.

Muuguzi alikuwa ameacha shanga za aina tatu: kubwa kama gololi, za kati kama punje za mahindi, na ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kila titi lilitakiwa kuwa na shanga za aina zote, nyingine juu karibu na ngozi, nyingine chini kabisa. Kazi ya kuzificha ilikuwa ya Sindano, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyembamba.

Alipomaliza titi la kwanza, alifumba macho akajaribu kutafuta. Gololi aliipata mara moja. Punje ya mahindi ilimsumbua. Ule ushanga mdogo hakuupata kabisa, ingawa aliuweka mwenyewe. Akawafikiria kina mama wa mtaa wakishindwa mbele ya wenzao. Akakumbuka mtihani wa hesabu uliowaliza nusu ya darasa lao, na jinsi kufeli mbele ya watu kunavyouma. Akawahurumia. Basi akatoa zile shanga ndogo na za kati, akaweka kubwa peke yake katika kila titi, na mama akashona midomo ya vitambaa bila kujua. Sindano alilala akiwa amefurahi, maana aliona ametenda wema.

Siku ya mafunzo ukumbi wa zahanati ulijaa. Mwanzoni kina mama waliona haya, wengine wakajifunika nyuso kwa mikono. Muuguzi hakujali. Aliwaonyesha jinsi ya kulaza vidole vitatu na kuvizungusha polepole, bila kusahau kwapani. Akawaambia kuwa ngozi ikivutika ndani, au chuchu ikitoa majimaji, au ukikuta uvimbe, usikae nyumbani.

"Uvimbe mwingi si saratani," alisema. "Lakini atakayekuambia hivyo ni kipimo, si jirani yako."

Kisha wakaanza kutafuta. Kila mmoja, shangazi naye akiwemo, alipata uvimbe wake papo hapo. Ukumbi ukajaa vicheko na makofi, na muuguzi akamsifu mama mbele ya watu wote. Mama alitabasamu mpaka nyumbani, akiwa amebeba matiti yale kwenye mfuko ili akaimarishe mishono.

Jioni ile shangazi aliketi kitandani kwa mama, na Sindano alikuwa kwenye mkeka akifungua vitabu vyake. Shangazi alionekana mchangamfu kuliko siku zote.

"Wifi, leo nimetua mzigo," alisema. "Wiki iliyopita nikioga niligusa kitu hapa pembeni. Kidogo tu, kama punje ya mahindi, na hata hakiumi. Nilikuwa nimeshapanga kwenda hospitali. Lakini leo nimekiona kilivyo hicho chenyewe. Saratani ni kubwa, kama gololi. Hiki changu ni kitu kingine."

"Alhamdulillahi," mama alisema.

Sindano aliacha kufungua vitabu. Alimtazama mama, ambaye bado alikuwa na ile furaha ya kusifiwa. Akisema, mama ataaibika mtaa mzima. Asiposema, shangazi hatakwenda hospitali. Alijua yote mawili kwa wakati mmoja, na aliogopa kweli.

"Shangazi," alisema. "Zilikuwepo ndogo. Muuguzi alileta ndogo, na nyingine sawa na hiyo yako. Mimi ndiye niliyezitoa."

Wote wawili walimgeukia. Alieleza yote, kuanzia lile titi la kwanza mpaka huruma yake, huku machozi yakidondokea daftari. Mama alisimama, akaenda cherehanini na kuanza kufumua midomo ya vitambaa.

"Kesho asubuhi tunakwenda zahanati sote watatu," alisema. "Wewe utamweleza muuguzi kwa mdomo wako. Na wifi, utamweleza lako."

Muuguzi aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza Sindano. Alisema yeye naye alikosa, kwa kuwa alipaswa kuyakagua matiti yale kabla ya kuyagawa. Alimchunguza shangazi, akaandika barua ya kumpeleka hospitali kuu siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata kina mama waliitwa tena. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa, wanawake wote wamefumba macho, vidole vikitembea polepole juu ya kitambaa. Mmoja alipoupata ule ushanga mdogo baada ya kuutafuta sana, alishusha pumzi na kusema kwa sauti ya chini, "Kumbe naweza."

Uvimbe wa shangazi ulikuwa saratani. Siku daktari alipowaambia, mama alilia na shangazi akamshika bega. Daktari alisema ulikuwa bado mdogo na haujasambaa. Shangazi alifanyiwa upasuaji, kisha ikafuata miezi ya matibabu. Alichoka, akakonda, lakini utani haukumwisha. Alisema sasa wamekuwa sindano wawili nyumba moja.

Alipopata nguvu, daktari bingwa wa maabara ya utafiti alimwomba ruhusa ya kuhifadhi kipande cha ule uvimbe uliotolewa.

Mtaani watu walisema hospitali inauza vipande vya watu.

"Sikatai wala sikubali," shangazi alimjibu daktari. "Nataka kwanza nione kinapokaa. Na huyu mwanangu aje aone."

Ndivyo Sindano alivyoingia maabara. Kilikuwa chumba cheupe, chenye ubaridi na harufu ya dawa. Daktari aliweka kipande chembamba cha kioo chini ya hadubini, akampisha shangazi atazame, kisha Sindano. Sindano alisogeza jicho. Aliona maelfu ya vidoa vya waridi na zambarau, vimepangana kwa utaratibu mzuri. Halafu upande mmoja utaratibu ukavunjika, vidoa vikawa vikubwa na vimesongamana ovyo.

"Hiyo ndiyo saratani," daktari alisema. "Hizo zote ni seli za shangazi yako."

Sindano hakujua kama aogope au afurahi. Hakuwahi kufikiri kwamba ndani ya mtu kuna mambo mengi kiasi hicho.

Daktari alivuta droo ya kabati refu. Ndani kulikuwa na vioo vimesimama safu kwa safu, kila kimoja na namba. Akavuta nyingine, na nyingine. "Kila kioo ni mwanamke mmoja," alimwambia shangazi. "Hatuandiki majina, na hakuna kinachouzwa. Kile kidonge unachomeza kila jioni kiligunduliwa kwa sababu wanawake kama hawa, wa nchi nyingi, walikubali miili yao ichunguzwe. Wengi walikubali kabla wewe hujazaliwa. Wengine hawakupona."

Shangazi alitazama droo zile, moja baada ya nyingine. Kisha akapangusa macho.

"Chukueni changu," alisema.

Akamvuta Sindano karibu yake. "Unawaona hawa? Hawakunijua, na wameniponya. Walitoa ukweli wa miili yao jinsi ulivyo, hata pale ulipokuwa mbaya. Wewe ulituhurumia ukatufichia kigumu, na huruma ile ilikuwa inipeleke kaburini. Ukaniambia ukweli huku unalia, na leo nimesimama hapa. Ukimpenda mtu, mwanangu, usimrahisishie mtihani. Kaa naye mpaka aweze."

Daktari alichukua kioo kile, akakitia namba, akakisimamisha kwenye safu pamoja na vingine.