Kipande Kinachong'aa

Fundi rangi alikuwa amelala chali kando ya gari jekundu, kisogo kimepasuka kwenye ncha ya jeki. Inspekta alichuchumaa akamtazama, kisha akalitazama gari. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumuuma.

Gari zima lilikuwa limefifia kama kioo cha bafuni chenye mvuke. Ila mlangoni, juu kidogo ya marehemu, palikuwa na kipande cha ukubwa wa sahani kinachong'aa, hata Inspekta akajiona meno.

"Gari hii imekwisha au haijaisha?" alimuuliza mke wa marehemu.

"Imekwisha tangu jana. Shemeji aliipiga polishi mwenyewe. Ilikuwa inawaka."

"Mbona leo imefifia?"

"Hapo hata mimi sielewi, afande."

Shemeji huyo, kaka wa marehemu, ndiye aliyemfundisha marehemu kazi. Mtaa mzima ulimwita Kioo. Alikuwa ameketi juu ya tairi, macho yamemvimba kwa kulia.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Asubuhi. Nilitoka kidogo, nikarudi nikamkuta hivi."

"Mligombana?"

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, afande."

Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walijua.

Konstebo alileta kielelezo: mkanda wa marehemu. Chuma chake kilikuwa na chembe za rangi nyekundu. Inspekta akalizunguka gari kutafuta mkwaruzo. Hakuna. Akalizunguka tena kinyume, akagongana na konstebo. Rangi iko kwenye mkanda, gari halina hata alama. Alihisi anachezewa shere.

Akarudi kwa marehemu. Kwenye kucha zake palikuwa na tope la msasa wa maji, ule unaokwangua mng'ao wa rangi, limekauka. Kwa hiyo yeye ndiye aliyelififisha gari asubuhi ile. Fundi gani anapiga msasa gari lililokwisha? Na baada ya kufa kwake, nani amepiga polishi kipande kimoja tu?

Alimwendea Kioo.

"Mzee, mdogo wako alipoanguka mkanda wake uliukwaruza mlango. Mkwaruzo umefutwa. Nani hapa anaweza kufuta mkwaruzo usionekane kabisa?"

"Tulikuwa wawili," alisema. "Mmoja ndiye huyo."

"Ulimsukuma kwa nini?"

"Aliniambia macho yangu yamekwisha. Eti polishi yangu ya jana imejaa mawimbi, ameipiga msasa upya gari yote, na nisiguse gari ya mteja tena. Mimi niliyemshika mkono akajua kazi! Nikasema ananizulia tu ili anitoe. Nikamsukuma. Sikukusudia afe, afande. Halafu nikaupapasa ule mkwaruzo, nikaufuta ufanane na mlango wote, ionekane ameteleza mwenyewe."

"Ufanane na mlango wote?"

"Si unang'aa wote?"

Inspekta alimtazama machoni kwa mara ya kwanza. Mboni zilikuwa na ukungu. Sasa alielewa kila kitu, na akatamani asingeelewa.

"Mzee, gari yote imefifia. Panapong'aa ni hapo ulipofuta wewe tu."

Kioo alisimama, akausogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Akapitisha kiganja mlangoni taratibu, akarudia.

"Kumbe mdogo wangu alikuwa ananiambia kweli," alisema, akakaa chini kando ya maiti.