Mkwe Aliyejibu Ndiyo

Jua lilipotoka, Mektrida alikuwa zizini tayari. Goti lilimuuma, lakini mdomo haukumuuma. Alimsemesha ng'ombe. Aliwasemesha kuku. Aliusemesha hata mgomba ulioinama bila ruhusa yake. Na kila kitu alikisemesha kwa Kichagga.

Mektrida alikuwa mjane wa Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Alikuwa na kihamba kidogo cha kahawa na migomba. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, jina lake Mrembo. Tena alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha maziwa cha akina mama ishirini na wawili. Kila asubuhi akina mama hao walipeleka maziwa kituoni. Yote yalimiminwa kwenye tanki moja, kisha gari la kiwanda lilikuja kuyachukua.

Nyumbani alikaa na mkwe wake, Chisomo. Chisomo alitoka Malawi. Jovin, mtoto wa Mektrida, ni dereva wa lori. Alimwoa Chisomo huko, akamleta nyumbani, kisha akarudi barabarani. Sasa Chisomo alikuwa na mwaka mmoja Kibosho. Alikata majani, alikamua, alipika mtori wa ndizi mpaka majirani wakaomba bakuli la pili. Kazi hakuogopa. Shida ilikuwa maneno. Kichagga hakukijua kabisa. Kiswahili alikiokota kidogo kidogo, redioni na kanisani.

Ukimwambia jambo, Chisomo alipiga goti kidogo akajibu, "Ndiyo, mama." Kwao ndivyo mkwe mwenye adabu anavyomjibu mama mkwe. Mektrida alilipenda sana jibu hilo. Nani hapendi kujibiwa ndiyo?

Jumatatu moja, kiwele cha Mrembo kilivimba. Mektrida alimwita Ndelilio, afisa mifugo wa kata. Ndelilio alikuja na pikipiki yake, akampima ng'ombe, akamchoma sindano.

"Mama, dawa hii inaingia kwenye maziwa," alisema. "Kwa siku nne, maziwa ya Mrembo yasiuzwe wala yasinywewe. Mkamue, halafu mwaga yote."

"Nimesikia, mwanangu."

Kesho yake Mektrida alikuwa anakwenda hospitali Mawenzi, kutibiwa goti. Angelala mjini kwa dada yake siku mbili. Bodaboda ilikuwa inamsubiri getini, inanguruma. Mektrida alipanda, akapakata mkoba wake, ndipo akakumbuka habari ya maziwa. Akamwambia Chisomo yote, haraka haraka, kwa Kichagga. Alionyesha zizi, akaonyesha ndoo, akaonyesha vidole vinne.

"Umenisikia?"

Chisomo alipiga goti. "Ndiyo, mama."

Bodaboda ikaondoka.

Mektrida aliporudi, mtu wa kwanza kukutana naye njiani alikuwa Gladness, jirani yake na katibu wa kikundi. Gladness hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

"Mkwe wako ametumaliza! Jana kapeleka maziwa ya Mrembo kituoni. Kiwandani wamepima, wamekuta dawa. Tanki zima limemwagwa, mama. La watu wote! Na wamesema wakikuta dawa tena, gari lao halitafika hapa."

Mektrida alishika mdomo. "Yesu wangu!"

"Jumamosi tuna mkutano. Wenzangu wanasema nyumba yako itoke kwenye kikundi. Hata mimi nasema hivyo, sikufichi."

Mektrida alipanda kilima kwa hasira, goti alilisahau. Kikundi kile alikianzisha mwenyewe, wakiwa watu watano na ndoo tatu. Leo atolewe kama mwizi? Alipofika nyumbani alifoka mpaka kuku wakakimbilia migombani. Chisomo alilia. "Pepani, amayi," alisema, akiomba radhi kwa lugha ya kwao. "Pepani." Mektrida hakujua hata maana yake, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Jioni ile Ndelilio alipita kumwangalia ng'ombe. Mektrida hakumpa nafasi hata ya kuvua kofia ya pikipiki.

"Nilimwambia! Nilimwambia, akaitikia ndiyo!"

"Pole, mama. Ulimwambia kwa lugha gani?"

"Lugha gani tena? Kichagga! Si ameolewa hapa, au ameolewa Ulaya?"

Ndelilio alimgeukia Chisomo. Akasema Kiswahili taratibu, neno moja moja. "Chisomo, mama alipoondoka, alikuambia nini?"

Chisomo aliangalia chini. "Sijui."

"Mbona ulijibu ndiyo?"

"Kwetu, mkwe anasema ndiyo. Ukisema sijaelewa, ni kama unasema mama hajui kusema. Ni aibu."

Mektrida alikaa kwenye kigoda. Aliuona mwaka mzima wa ndiyo ukipita mbele yake, na hakujua ngapi zilikuwa za kweli.

"Lakini mwaka mzima!" alisema, sauti imepungua. "Mtu akihamia kwa watu, si ajifunze lugha yao? Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

"Ni kweli, mama, ajifunze," alisema Ndelilio. "Ni lazima. Bila lugha hawezi kumweleza daktari anaumwa wapi. Hawezi kusoma maelezo ya dawa. Na kosa lake linaweza kuwaumiza wengine, kama jana. Lakini jembe ulimpa mkononi, ukamwonyesha na mahali pa kulima. Lugha ulimpa lini? Nani anaongea naye hapa?"

Mektrida alifikiri. Akina mama walimsalimia Chisomo kwa Kiswahili, kisha wakaendelea na Kichagga chao. Kukiwa na jambo kubwa, Jovin alipigiwa simu atafsiri. Kituoni Chisomo alisimama pembeni na ndoo yake, akitabasamu. Watu walisema, "Mwacheni, ni mgeni." Walidhani ni huruma.

"Kwani wewe ni mzaliwa wa hapa?" Ndelilio aliuliza.

Ah! Hapo alimshika pabaya. Mektrida alizaliwa Rombo. Kichagga cha Rombo na cha Kibosho si kimoja. Alipoolewa, miaka arobaini iliyopita, mawifi walimcheka kila alipofungua mdomo. Miezi mingi alikaa kimya. Yeye, Mektrida, kimya! Aliona aibu, kisha akaona huruma, na machozi yakamlengalenga.

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Anza leo. Mwambie habari ya maziwa, kwa Kiswahili, polepole. Na usimuulize kama ameelewa. Swali hilo kila mtu hulijibu ndiyo. Hata mimi darasani nilikuwa naitikia ndiyo, na hesabu sikuzijua! Mwambie akurudishie kwa maneno yake mwenyewe."

Mektrida alikohoa. Kiswahili cha polepole kilimtoa jasho. "Ng'ombe akichomwa sindano, maziwa unamwaga. Siku nne. Haya, nirudishie."

"Ng'ombe sindano, maziwa mwaga, siku nne," alisema Chisomo. "Kuuza hapana?"

"Hapana."

"Kunywa hapana? Kumpa paka?"

"Hata paka!"

Wote watatu wakacheka. Ndelilio akatoa kitambaa chekundu mfukoni, akakifunga mguuni kwa Mrembo. "Ukiona chekundu, maziwa hayaendi kituoni. Na wewe, Chisomo, usipoelewa, sema sijaelewa. Hapa hilo si kukosa adabu. Ni kumsaidia anayekuambia."

"Na Kichagga je?" Mektrida aliuliza. "Tukiache?"

"Kwa nini mkiache? Mfundisheni pia, ndiyo lugha ya nyumbani. Ila anzeni na Kiswahili. Kitamfikisha sokoni, hospitalini, na popote nchini."

Jumamosi akina mama walikusanyika kituoni. Gladness alisimama wa kwanza.

"Tusibembelezane. Watu ishirini na mmoja tumepoteza maziwa kwa sababu ya nyumba moja. Nasema itoke."

Mektrida alisimama. Kutoka kwenye khanga alitoa jani la sale, akaliweka mezani. Kwa Wachagga, anayekuletea sale anakuomba msamaha, na kumkatalia si jambo jepesi.

"Unamwombea mkwe wako," alisema Gladness.

"Hapana. Najiombea mimi. Niliambiwa kwa lugha ninayoijua. Nikamwambia mwenzangu kwa lugha asiyoijua, nikiwa juu ya bodaboda. Tena sisi sote tumemsimamisha hapo pembeni mwaka mzima. Mikutano yetu ni Kichagga. Matangazo ni Kichagga. Atajuaje sheria zetu?"

"Sasa sisi wote tubadilike kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Kiswahili unakijua, Gladness. Kitakupunguzia nini?"

Hapo Chisomo alisimama. "Nisameheni. Kiswahili changu bado. Nataka kujifunza. Lakini mkicheka sana, nitanyamaza."

Gladness aliliangalia jani, akamwangalia Chisomo. Kisha akalichukua lile jani.

"Haya. Tutacheka kidogo tu."

Kicheko kikalipuka. Nyumba ya Mektrida ikabaki kwenye kikundi. Walikubaliana mikutano iwe ya Kiswahili, na kila ng'ombe aliyechomwa sindano afungwe kitambaa chekundu. Kisha wakatafuta mwalimu wa Chisomo. Walimchagua Gladness, kwa sababu anaongea kuliko wote. Alikubali shingo upande.

Lo, Gladness yule! Kila asubuhi alitembea na Chisomo kwenda kituoni, akimtajia kila kitu njiani: mfereji, uzio, majani ya ng'ombe, na umbea wa kijiji kizima. Chisomo alikosea, akarekebishwa, akakosea tena. Alianza kwenda sokoni peke yake. Alianza hata kubishana bei, na hapo Mektrida alijua lugha imeingia.

Miezi mitano baadaye Mektrida alikuwa tena Mawenzi, kwenye foleni ya goti. Simu ikaita. Alikuwa Gladness, anahema.

"Mama! Mrembo anazaa, na kuna shida! Mguu mmoja tu umetoka! Mimi nimechanganyikiwa kabisa!"

"Mungu wangu! Chisomo yuko wapi?"

"Yuko hapa, anaongea na Ndelilio kwa simu yake. Ndelilio yuko njiani."

"Mwambie avute! Hapana, asivute! Mwambie ampe maji! Mwambie..."

Sauti ya Chisomo ilisikika, imetulia, kwa Kiswahili safi. "Mama, naomba unyamaze kidogo. Namsikiliza daktari."

Mektrida alifunga mdomo.

Alisikia kila neno. "Ndiyo, kwato moja. Kichwa nakiona. Mguu wa pili sijauona... Sawa, nirudie: nisivute, asimame, nimtembeze taratibu mpaka ufike hapa. Gladness, shika kamba. Huku, siyo huko!" Kisha pikipiki ikanguruma. Mektrida alishika rozari. Nesi aliita jina lake mara mbili, hakuitika.

Mwishowe sauti ndogo nyembamba ikalia kwenye simu.

"Ndama jike, mama!" Chisomo alipaza sauti. "Mzima! Ndelilio ameunyoosha mguu!"

Mama aliyekaa karibu na Mektrida kwenye benchi alikuwa amesikia yote. "Hongera. Huyo ni binti yako?"

"Mkwe wangu," alisema Mektrida, machozi yakimtoka waziwazi. "Ametoka Malawi. Umesikia alivyoninyamazisha?"