Mkono wa Josepha Haufiki Sikioni

Generosa alikuwa analima maharage kwa hasira. Kila jembe likishuka, alikuwa anamsema mwalimu.

"Miaka mitatu!" Pu! "Eti mkono haujafika!" Pu!

Mumewe, Philemon, alikuwa tuta la pili. "Mama Josepha, utayakata maharage."

"Yakatike!"

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wakati ule, huku vijijini Kasulu, mtoto akienda kuandikishwa shule alipimwa kwa mkono. Anaupitisha juu ya kichwa, aguse sikio la upande wa pili. Ukifika, umri umetosha. Usipofika, rudi kwenu ukanyonye.

Josepha alikuwa na miaka kumi. Alikuwa anateka maji na kupukuchua mahindi. Kwa kusalimia hakuwa na mpinzani. Anapiga goti, anapiga makofi taratibu kama sisi Waha tunavyosalimia, anakuulizia mpaka mbuzi wako. Lakini uso wake ni wa duara, macho yamepanda pembeni, maneno yanamtoka polepole. Na mikono yake ni mifupi. Kila mwaka mkono uliishia utosini. Watoto aliowabeba mgongoni walikuwa wameshaandikishwa darasa la kwanza mbele yake.

Kesho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha, mwaka 1977.

"Mwakani watasema amezeeka," alisema Generosa.

"Tumwache tu," alisema Philemon. "Watu wanacheka. Wanasema ulikula kitu kibaya ukiwa na mimba."

"Nilikula ugali wa mama yako. Kamwambie yeye kwamba ugali wake ni mbaya."

Philemon akainama, akalima.

Mchana Generosa alimshika Josepha mkono, akaenda zahanati. Nesi Mwamvua, mama wa Tanga aliyeletwa huku na kazi, alimkaribisha.

"Kaa kwanza, dada."

"Sikai. Nipe dawa mikono ya mwanangu irefuke."

"Dawa hiyo hakuna. Na mwanao si mgonjwa. Amezaliwa hivyo. Wataalamu wanaiita hali ya Down. Haiambukizi. Hukula kitu kibaya, na hakuna aliyekuloga. Watoto hawa wapimwe moyo, macho na masikio, maana wengine wana shida huko. Josepha nilishampima, yuko vizuri. Lakini mikono yake itabaki mifupi hata akiwa bibi."

Generosa akakaa. "Kwa hiyo miaka mitatu tunangoja mkono ambao hauji?"

"Hauji, dada."

"Na kusoma, ataweza?"

"Ataweza. Atachelewa, lakini atafika. Mwoneshe kitu kimoja kimoja, urudie. Cheti chake cha ubatizo unacho?"

"Ninacho."

"Umri unasomwa kwenye karatasi. Kesho twende wote."

Asubuhi uwanja wa shule ulijaa watoto na wazazi. Mwalimu Tharsisi alikaa nyuma ya meza. Josepha akapiga goti, akapiga makofi.

"Shikamoo, mwalimu. Mbuzi wako hajambo?"

Mwalimu hakuitikia. "Mkono."

Josepha akaupandisha. Akajivuta, akauma ulimi. Utosini, basi.

"Haujafika. Anayefuata!"

Josepha hakuondoka. Alikaa chini, akalibana gauni lake vizuri. Akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akauinua taratibu, akagusa sikio kwa kidole gumba cha mguu.

"Umefika," alisema.

Uwanja mzima ukacheka. Josepha naye akacheka, maana alitaka wacheke. Mwalimu akacheka mpaka kalamu ikadondoka.

Generosa hakucheka. "Haya, mwalimu. Gusa na wewe kwa mguu."

"Mama, mimi ni mtu mzima..."

"Gusa! Ukishindwa, rudi kwenu ukanyonye."

Kicheko kikamhamia mwalimu. Nesi Mwamvua akaweka cheti mezani. "Amezaliwa 1967, mwalimu. Soma hapo."

Mwalimu akasoma. Akajikuna shingo. "Lakini huyu atanirudisha darasa zima nyuma."

"Mweke mbele," alisema nesi. "Umwoneshe mara tano badala ya moja. Hizo salamu anazozijua, alifundishwa akashika. Atashika na herufi."

"Na hao aliowabeba mgongoni wamo humo ndani," alisema Generosa. "Watamsaidia. Wana deni la mgongo wake."

Mwalimu akaandika: Josepha Philemon. "Haya mama, yameisha."

"Hayajaisha. Hujaitikia salamu yake."

Mwalimu Tharsisi akaweka kalamu chini, akamgeukia Josepha.

"Marahaba, Josepha," alisema. "Mbuzi hajambo."

Darasa la kwanza Josepha alilisoma mara mbili. Mwisho wa mwaka wa pili alikuwa anasoma majina kwenye madaftari ya wenzake, na yeye ndiye aliyeyagawa kila asubuhi. Hakuna aliyepewa la mwenzake. Philemon alipita shuleni siku moja akamwona. Jioni alirudia habari ile mara nne, kama vile wazo la shule lilikuwa lake.

Hasira ya Generosa ilipata kazi nyingine. Alipita nyumba hadi nyumba akiuliza, "Mtoto mliyemficha uani yuko wapi?" Wengine walimfukuza. Alirudi tena kesho yake.

Siku ya kuandikisha ilipofika tena, alimleta Nestori, mtoto wa ng'ambo ya bonde. Uso wa duara, mikono mifupi, miaka tisa, cheti cha ubatizo mfukoni. Alipoiona meza ya mwalimu, Nestori akaanza kuupandisha mkono juu ya kichwa, kama alivyoambiwa nyumbani.

Josepha akautoa mkono ule kichwani, akaushika.

"Shusha," alisema. "Toa karatasi."