Buibui wa Mwisho wa Babu Orval

Kila Jumamosi asubuhi Wynona Stallcup alikula mkate wa mahindi uliobaki jana, akaosha sahani yake, akavaa ndara za kijani za marehemu babu yake na kupanda baiskeli hadi ukumbi wa zimamoto. Ndara zilikuwa kubwa mno, tena kisigino kimoja kilikuwa kimekatwakatwa kwa kisu. Tangu mazishi hakuvaa viatu vingine.

Ukumbini Bibi Oleta, dereva mstaafu wa basi la shule, aliwafundisha watoto kufunga nzi bandia. Unabana ndoana ndogo kwenye jiliwa, kile kibano cha chuma cha mezani, unaizungushia uzi na vitu vyepesi, mpaka samaki adhani ni mdudu. Hapa kwetu milima ya Ozaki hatuvui blugili kwa mashine za bei kubwa. Blugili ni samaki bapa, saizi ya kiganja, mtamu akikaangwa, na ana tamaa ya kumeza chochote chenye miguu.

Babu Orval alifariki mwezi wa pili. Wynona hakulia, na watu wakamsifu eti ni jasiri. Hakuwa jasiri hata kidogo. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alikula, alikwenda shule, alijibu alipoulizwa, na hakuna alichohisi. Mbele ya jiliwa alishika uzi, akaitazama ndoana, na ndoana ikabaki tupu.

"We Wynona, hiyo ndoana unaifunga au unaiombea?" aliuliza Denver Pogue, jirani yake wa mezani.

"Niache, Denver."

"Shauri yako. Wiki ijayo bwawa linafunguliwa. Sisi tutavua, wewe utapiga soga na kasa."

Denver alisema kweli. Kila Juni, blugili wanapotengeneza viota kwenye maji ya kina kifupi, watoto hufunguliwa bwawa la nyuma ya kanisa. Sheria ni moja, na waliiweka Babu Orval na Bibi Oleta wenyewe: kila mtoto avue kwa nzi aliyemfunga kwa mkono wake. Hakuna kuazima wala kununua.

Jioni ile Mama alirudi kutoka kiwanda cha kuku, akavua buti zake na kukaa jikoni. Kisha akauliza, "Mwanangu, utatuletea samaki Jumamosi? Babu yako hakuwahi kuipitisha Juni bila blugili wa kukaanga. Nimeshanunua unga."

"Nitaleta, Mama."

Mama akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, lakini ndilo la kwanza tangu msiba, na Wynona hakuwa na moyo wa kulifuta.

Katika kopo la Babu la kuwekea nzi alibaki mmoja tu: buibui wa sponji ya kijani, iliyokatwa kutoka ndara ile ile, mwenye miguu ya mpira. Mguu mmoja ulikuwa umelegea. Wynona alimbana kwenye jiliwa, akamzungushia uzi kidogo juu ya uzi wa Babu. Alijiambia kwamba sasa na mkono wake umo. Uzi ukalegea kidogo. Akauvuta, akafunga fundo, akamchomeka buibui kwenye kofia.

Siku ya bwawa, Bibi Oleta alikagua nzi mmoja mmoja. Buibui wa kijani alimgeuza juani kwa muda mrefu.

"Umemfunga mwenyewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa mkono gani?"

Wynona aliinua mkono wa kulia.

"Una lingine la kuniambia, binti?"

"Hapana, Bibi."

"Haya. Nenda kavue."

Wynona akarusha. Buibui alitua taratibu, miguu yake ikatikisika, samaki akamfyonza na mshipi ukakazika. Mara ukalegea. Alipouvuta, ilirudi ndoana tupu yenye kipande cha uzi. Ile sponji ya kijani ilielea kidogo, samaki akaimeza, ikapotea.

"Nzi wako amevua nguo!" Denver alipiga kelele, na watoto wakacheka.

Wynona alisubiri kulia. Machozi hayakuja, na hilo lilimtisha kuliko kicheko. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Oleta.

"Nilidanganya. Alikuwa wa Babu. Alikuwa wa mwisho."

Denver aliacha kucheka. Bibi Oleta alikaa chini majanini.

"Kwamba ni wa Orval nilijua. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Uzi wake ulizunguka kinyume na wetu sote. Wewe ukaongeza wako kwa mkono wa kulia, basi kila ulipokaza ulikuwa unamfungua."

"Mbona hukunizuia?"

"Sikujua kwamba ni wa mwisho." Sauti yake ilikwaruza. "Ungesema, binti, ningeuzuia huo mshipi kwa mikono yangu."

Kisha Bibi Oleta akasema, "Nipe ndara."

Alikata kipande kwenye kisigino, pale pale Babu alipokuwa akikata, akamkabidhi. Jiliwa lilikuwa nyuma ya gari lake. Wynona alifunga, akafungua, akafunga tena. Ndoana ikamchoma kidole. Iliuma. Tangu mwezi wa pili hapakuwa na kitu kilichomuuma, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, damu ikidondoka kwenye sponji. Denver alimshikia uzi.

"Uongo ni mzigo wa peke yako," alisema Bibi Oleta alipomwona ametulia. "Ukiusema ukweli mapema, kuna wa kukusaidia kukitunza unachokipenda. Ukiuficha, tunasimama tu kando tukikitazama kikizama. Tena Orval hakuwahi kuweka nzi kabatini. Alivua nao, na wakipotea alifunga wengine."

Yule buibui alikuwa kombo, miguu mitatu upande mmoja na mmoja upande wa pili. Blugili hawakujali.

Jioni mafuta yalichemka jikoni. Mama alimshika buibui mwenye doa la damu. "Huyu si kazi ya Babu."

"Ni wangu, Mama," alisema Wynona. Kisha, kabla samaki hawajapoa, akamweleza yote kuhusu yule mwingine.