Jina Kwenye Fomu ya Waamuzi

Siku ya mashindano ya ushangiliaji, mchezo wa kupinduka na kurushana juu kwa muziki, hewa ya ukumbi hubadilika. Wasichana mia nne wamejipulizia dawa ya nywele tangu alfajiri, na vumbi la kung'aa wanalojipaka juu ya macho huinuka, huelea kwenye mwanga wa madirisha ya juu, kisha hushuka polepole juu ya kila mtu, awe mzazi, mlinzi au muuza soda. Ndivyo ilivyokuwa Louisville, Jumamosi moja ya Oktoba, wakati Darla Combs alipopanga foleni ya kahawa akiwa amefunga koti lake la kijivu hadi shingoni.

Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye jaketi la rangi ya damu ya mzee. Alikuwa na pini nne mdomoni, utepe wa nywele uliochanika mkono mmoja, sindano na uzi mkono wa pili. Alijaribu kutunga uzi mara tatu. Mara ya nne aligeuka.

"Samahani, dada," alisema kupitia kwenye pini. "Miwani yangu nimeiacha kwenye basi."

Darla aliutia uzi mate, akausokota, akaupitisha mara moja.

"Uzi wako ni mnene kuliko tundu," alimwambia. "Si kosa la macho."

"Asante. Mke wangu angekuwepo angesema hivyo hivyo."

"Yuko wapi?"

"Sina."

Alicheka bila kufungua mdomo, kwa sababu ya pini. Jina lake lilikuwa Reuben Oglesby. Wakati akishona utepe palepale kwenye foleni, alimweleza kwamba ni wa msichana aitwaye Maribeth, ambaye kabla ya saa moja kwisha angesimama kwa mguu mmoja juu ya mikono ya wenzake, ametulia kana kwamba yuko jikoni kwao. Darla akamtazama vizuri, akaona ndevu zake zimejaa vumbi la kung'aa.

"Kumbe wewe ni kocha," alisema.

"Ulidhani hizi ndevu zimepakwa nini?"

"Nilidhani wewe ni baba wa mtu."

Darla alichukua kahawa yake akaondoka bila kuaga. Reuben aliendelea kumtazama mpaka koti la kijivu lilipopotea kati ya tepe za nywele na mikoba. Sababu ya kuondoka vile aliijua dakika arobaini baadaye, timu yake ilipoingia uwanjani. Kwenye meza ya waamuzi, kiti cha nne, alikaa mwanamke yule yule. Koti lilikuwa limevuliwa. Chini yake palikuwa na suti ya bluu nyeusi, rangi ambayo waamuzi huvaa kwa sababu hakuna timu inayoivaa. Siku ya mashindano, mwamuzi haongei na kocha.

Katika mashindano hayo ya shule za sekondari za Kentucky waamuzi ni makocha wenyewe. Kocha wa shule ndogo huziamua shule kubwa, na wa shule kubwa huziamua ndogo, ili mtu asiwahi kuwapa alama watoto wake wala wapinzani wao. Darla alikuwa kocha wa Beargrass, shule ndogo. Reuben alikuwa kocha wa Dunmore, shule kubwa.

Muziki ulianza. Kwa dakika mbili na nusu wasichana wa Dunmore walikimbia, wakapinduka, wakajengana juu ya mabega. Maribeth alirushwa, na kwa muda ambao saa ilihesabu kuwa chini ya sekunde mbili alibaki juu kabisa, mikono wazi, utepe ukifuata kichwa chake kama kitu kilichosahau kushuka. Kisha akadakwa, akayumba, mkono wake mmoja ukagusa bega la mwenzake.

Dunmore walipata nafasi ya pili, iliyowatosha kwenda fainali za jimbo mjini Lexington mwezi wa Desemba. Karatasi za alama, zenye sehemu ya utekelezaji na ya ugumu, huandikwa namba ya mwamuzi, si jina. Ile ya Mwamuzi wa Nne ilikuwa na mstari mmoja wa maelezo: Mabega ya wabebaji yalitangulia miguu, ndiyo maana aliyumba. Uzi mnene kuliko tundu.

Kanuni humruhusu kocha kumpigia mwamuzi kuhusu karatasi yake saa ishirini na nne zikishapita. Reuben alipiga zilipopita kwa dakika nne.

"Ni Namba Nne?"

"Ni Darla Combs. Naongea na nani?"

"Uzi mnene."

"Una swali kuhusu karatasi ya alama?"

"Nina maswali matatu. La kwanza ni mabega. La pili, huwa unakula mchana? La tatu nitakuuliza ukishajibu la pili."

"Ya mabega ni kweli. Kula mchana, kila mtu hula."

"Basi kesho tule kama kila mtu."

Walikula mkate wa bata mzinga uliozama kwenye mchuzi wa jibini, sahani moja, uma mbili, katika mkahawa wa Mtaa wa Nne. Reuben alisahau kuuliza swali la tatu, au alijifanya kusahau. Juma lililofuata walikula tena, na lililofuata tena. Alimwita Namba Nne hata mbele ya mhudumu, naye Darla, ambaye katika miaka yake thelathini na minne hakuwahi kukubali jina la utani, aliliitikia.

Jumapili mchana walizoea kutembea juu ya daraja la chuma la zamani la reli, linalovuka mto Ohio hadi Indiana na siku hizi ni la watu wa miguu tu. Novemba ile ukungu ulikaa mtoni kwa majuma mawili. Ukisimama katikati ya daraja hukuona Kentucky wala Indiana. Uliona chuma, weupe wa ukungu, na mtu uliyekuja naye. Mashua ya makaa ilipita chini yao ikasikika bila kuonekana. Reuben alimwuliza kama yeye angepewa alama, angepata ngapi.

Darla alilichukulia swali kama anavyochukulia maswali yote. Alimtazama kuanzia kofia yake ya sufu hadi viatu.

"Utekelezaji ni mzuri," alisema. "Ugumu ni wa kati."

"Wa kati?"

"Hujafanya jambo lolote gumu bado."

Alicheka sana, na Darla akacheka pia. Wakarudi wameshikana mikono, na hakuna aliyelizungumzia jambo hilo.

Kila Novemba mwamuzi hujaza fomu. Hutaja kila kocha wa timu yoyote ambaye ana uhusiano naye, wa damu, wa ndoa, wa kazi au mwingineo. Ukimtaja mtu, hukai kwenye meza itakayoiamua timu yake. Kwa Darla kanuni hiyo ilikuwa na uzito wa pekee mwaka huo. Baada ya miaka tisa ya kuamua alikuwa ameteuliwa mwamuzi mkuu wa fainali za shule kubwa, kiti ambacho hakuna kocha wa Beargrass aliyewahi kukikalia. Na Dunmore walikuwa ndani ya fainali hizo.

Alimwambia Reuben wakinywa chai asubuhi, kwamba fomu inatakiwa keshokutwa. Alisema hivyo tu, akangoja. Reuben alijua kiti kile kina maana gani kwake, kwa kuwa alikuwa amemsikia akikitaja usingizini siku walipopanda basi pamoja. Akafikiri kwamba jambo la upendo ni kumpunguzia mzigo.

"Sisi tunakula tu pamoja, Namba Nne," alisema, akipaka siagi. "Kula si uhusiano."

Darla aliikunja leso yake mara mbili. Alisema ndiyo, hilo ni kweli kuhusu kula. Kisha akakumbuka mazoezi, akaondoka.

Baada ya hapo simu zake zilikuwa fupi. Ana mazoezi, ana mafua, wasichana wake wanajiandaa. Reuben alihitimisha kwamba Darla amempima yeye na kiti, na kiti kimekuwa kizito zaidi. Alikubali kwamba ni uamuzi wa haki, akakaa usiku mzima akiutazama ukuta. Kwenye fomu yake, maana yeye naye angeamua fainali za shule ndogo Jumapili, Beargrass wakiwemo, aliandika neno moja: Hakuna.

Theluji ilianguka Lexington usiku wa kuamkia fainali, laini, isiyo na upepo, ikafunika mabasi ya shule yakawa vilima vyeupe vilivyopangwa mstari. Saa moja asubuhi makocha arobaini walikaa kwenye chumba kilicho chini ya majukwaa, vikombe mikononi. Reuben aliingia akitafuta suti ya bluu nyeusi, asiione. Kwenye kiti cha mwamuzi mkuu alikaa mwanamume wa mji wa Paducah. Darla alikuwa mstari wa nyuma, amevaa jaketi la kijani la Beargrass. Reuben hakuwahi kumwona amevaa rangi za timu yake.

Katibu wa mashindano alikuwa Verlene Haskett, mama wa miaka sabini na mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Kwa desturi, kabla ya fainali husoma fomu zote kwa sauti, neno kwa neno, ili asitokee mtu wa kulalamika baadaye. Ni kazi ya kuchosha na hakuna anayesikiliza.

"Combs, Darla, wa Beargrass," alisoma. "Ametaja uhusiano na Reuben Oglesby, kocha wa Dunmore. Kwa hiyo ameachia kiti cha leo. Aina ya uhusiano." Alisogeza karatasi karibu. "Hakutia alama kwenye kisanduku chochote. Ameandika kwa mkono: Ninampenda. Yeye anasema tunakula tu pamoja."

Mtu mmoja alipaliwa na kahawa.

"Dillard, Faye," aliendelea mama Haskett kwa sauti ile ile.

Kati ya Combs na Oglesby palikuwa na majina kumi na moja. Reuben aliyasikia kama mtu aliye chini ya maji anavyosikia watu wa ukingoni. Alikijua kinachokuja, kwa sababu alikiandika mwenyewe. Alijua pia kwamba mwamuzi anayeandika uongo kwenye fomu husimamishwa mwaka mmoja, na kwamba akinyamaza, kesho atakaa kuwaamua wasichana wa Beargrass, na alama yoyote atakayowapa itakuwa na uongo ndani yake. Hakugeuka kumtazama Darla. Aliutazama mlango mdogo wa kioo, theluji ikipita nyuma yake bila haraka.

"Oglesby, Reuben, wa Dunmore. Hakuna."

Safari hii kila mtu alikuwa anasikiliza. Reuben alisimama.

"Nasahihisha, mama."

Mama Haskett alivua miwani ya machoni akavaa ya kichwani. "Mwanangu, ukisahihisha baada ya tarehe unakiri kwamba uliandika uongo. Utakuwa nje mwaka mzima."

"Najua."

"Jina?"

"Darla Combs."

"Aina ya uhusiano?"

"Ndoa."

"Mmeoana?"

"Bado. Ndiyo namwuliza."

Mama Haskett alifikiri, kalamu ikiwa juu ya karatasi. "Fomu haipokei mambo yajayo," alisema. "Nitatia alama kwenye mengineyo."

"Tia, mama. Uache nafasi kidogo."

Chumba kizima kiligeuka nyuma. Darla alikuwa ameweka kikombe chini. Uso wake haukubadilika, ila masikio yalikuwa mekundu. Alisema kwamba kikao ni cha makocha, na yeye atajibu nje.

Kwenye korido palisikika muziki wa timu zilizokuwa zikipasha misuli, mbali, kama unaotoka nyumba ya jirani. Darla alisimama mbele yake mikono mifukoni.

"Kwa nini uliandika hakuna?"

"Ili usipoteze kiti."

"Kiti kilikuwa changu. Ungeniuliza."

"Niliogopa jibu."

"Asubuhi ile ya chai ukanipa uongo, nikautumia kama ukweli. Majuma mawili, Reuben. Nilikuwa nakula peke yangu."

Reuben alisema amekosa.

"Siku ile ya simu ulisema una maswali matatu," alisema Darla.

"La tatu nimeliuliza mle ndani."

"Ulikuwa nalo tangu Oktoba?"

"Tangu sindano."

Vumbi la kung'aa lilikuwa tena kwenye ndevu zake. Darla alinyoosha mkono akalifuta kwa kidole gumba, upande mmoja, kisha wa pili.

"Nipe alama zangu," alisema Reuben, sauti ikiwa chini.

"Utekelezaji ni mbaya. Mbele ya watu arobaini, wenye vikombe vya kahawa. Hukutazama hata nilipokaa."

"Na ugumu?"

Mlangoni wasichana wa Dunmore walikuwa wamejipanga wakimsubiri kocha wao. Maribeth alikuwa mbele, utepe wake umeshonwa kwa uzi mnene.

"Wa juu kabisa," alisema Darla. "Na jibu ni ndiyo. Nenda sasa, wanakungoja. Waambie mabega."