Mkate Uliokatwa

Siku ya kuwakumbuka wafu, mimi na dada yangu Gonaria tulishinda jikoni tukioka mikate, redio ikiimba. Alasiri mumewe, Bachisio, akaingia na matope hadi magotini. Alitoka kuchokora makaburi ya kale, yale yaliyochongwa mwambani juu ya kijiji chetu, huku Sardinia. Simung'unyi maneno: shemeji huyo sikumpenda hata kidogo.

Akatupa mezani kipande cha jiwe jeusi, kikali kama wembe.

"Kirudishe, baba watoto," Gonaria akamwambia. "Leo wanakuja."

"Waje! Wamekufa miaka elfu tano, watanifanya nini?"

"Utalia wewe," nikamwambia.

"Shemeji, kaolewe kwanza ndiyo uje kunifundisha."

Mshenzi mkubwa!

Jioni tukawaandalia wafu meza kama kila mwaka: tambi, divai, mkate mzima. Visu vyote tukavifungia kabatini, maana mfu mwenye hasira haachiwi kisu. Gonaria alikagua hadi droo. Lile jiwe alilisogeza tu kando ya mkate, akiogopa kulishika zaidi. Kwetu lilikuwa jiwe, basi. Tukalala.

Asubuhi mkate ulikuwa umekatwa. Vipande vyembamba, vimepangwa vizuri. Jiwe lilikuwa na chembe za mkate.

Gonaria akapiga yowe, akakimbilia chumbani.

Bachisio alikuwa amekaa kitandani, mzima. Hakuna damu. Ila chini ya sikio alikuwa na mstari mwekundu, mwembamba kama uzi.

"Nani alikuwa ananipima shingo?" akanong'ona.

Siku hiyohiyo alilirudisha jiwe kaburini, akaziba mlango kwa mawe. Njia nzima hakutania.

Haikusaidia. Kila mwaka, siku ileile, mstari unarefuka. Hauumi. Hautoki damu. Daktari anasema ni mzio. Sasa umemzunguka karibu shingo nzima; ncha zimebakiza upana wa kidole tu zikutane. Dada yangu amekonda kwa hofu. Na mimi, niliyemchukia mtu huyu, siku hizi namwombea.

Leo ndiyo siku yenyewe. Tumefungia visu mapema, ufunguo nimeuvaa shingoni. Sasa hivi Gonaria ametoa mkate tanurini, bado unafuka moshi.

"Dada," amenong'ona, "umeukata wewe?"

Kuna kipande kimoja kimeshaondolewa.

Chumbani, Bachisio anatuita. Sauti yake haitoki vizuri.