Kisima cha Mume Kanuna

Lori lilizama pale pale walipolielekeza kwa mikono yao. Ukoko wa chumvi ulipasuka, tope jeusi likameza magurudumu ya mbele mpaka kwenye bampa, injini ikakohoa na kuzima. Dereva alibaki ameshika usukani. Hakuwa akililia gari. Alikuwa akitazama kifaa cha GPS kilichobandikwa kwenye dashibodi, skrini nyeupe, haina hata nukta moja.

Asubuhi ile kilikuwa kimejaa nukta. Zote aliziweka mkewe, mpimaji wa visima, kabla maradhi hayajamchukua. Na kwa kuwa mwanamke yule hakuweza kupita mahali bila utani, kila nukta aliipa jina: Pancha ya Pili, Kofia Imepeperuka, Mume Kanuna. Tangu azikwe, dereva alikuwa akikiwasha kifaa hicho hata sebuleni kwake ili ayasome tu. Nyumbani kulikuwa na picha zake, nguo zake, kitana chake. Lakini ni katika majina yale tu alipomsikia akicheka.

Kisha, katikati ya jangwa, kifaa kikaganda. Fundi wa pampu aliyeketi pembeni, mdogo wa marehemu, akatoa simu. Kabla hawajatoka mjini alikuwa amehifadhi ukurasa wa mtandaoni wenye maelekezo ya matatizo kama hayo.

"Wanasema shikilia vitufe viwili kwa pamoja mpaka izime," alisoma. "Inaanza upya, alama zako zote zinabaki."

"Una uhakika, shemeji?"

"Si wameandika? 'Usiogope.'"

Dereva akashikilia. Kilipowaka tena, nukta zote zilikuwa zimefutika. Ukurasa ule ule ukawaambia waendelee na safari, kifaa kitajipata njiani. Basi kikawa kinatafuta, nao wanapotea, mpaka chumvi ikawasimamisha.

"Shemeji, nisamehe," fundi alisema.

"Maji yakishamwagika hayazoleki. Chukua dumu."

Dumu lilikuwa na maji chini ya nusu. Fundi akaitazama redieta.

"Hayo usiyaguse, yana dawa," dereva alimwambia.

Wakati wa kuruka chini, ukoko mwingine ulipasuka na kumchana fundi muundi. Alijifunga kitambaa, meno ameyauma. "Watu husema tu kutia chumvi kwenye kidonda," alisema. "Leo nimeijua."

Dereva alikuwa amekumbuka kitu. Mkewe hakusoma kifaa kile huku anatembea hata siku moja. Alikiweka juu ya paa la lori, akawakemea wote: "Tulieni, kinasoma." Akakiweka paani, wakatulia. Baada ya muda mrefu, namba zikajaa kwenye skrini.

"Kimejua tulipo!" fundi alisema.

"Ndiyo. Ila tunakokwenda kimekusahau."

Waliona mstari wa mawe upande wa mashariki, wakaufuata, upepo ukiwasukuma mgongoni. Kisima walichotumwa kutengeneza kilikuwa huko mahali fulani, na lori la maji la kampuni hupita hapo. Wasipokiona kabla dumu halijakauka, hakuna atakayejua pa kuwatafuta. Jua liliwakausha midomo ikapasuka. Walikunywa kwa kifuniko, wakayashikilia maji mdomoni kabla ya kumeza. Dereva alitangulia, akikagua kila jiwe, maana mkewe alikuwa na desturi ya kupaka chokaa mawe ya njiani. Yote yalikuwa matupu. Mchanga umekula, alijiambia, na wazo hilo lilimuuma kuliko kiu. Kwa mara nyingine alikuwa anafiwa.

"Shemeji," sauti ikamwita nyuma. "Mguu umekataa. Wewe nenda."

"Nikamwambie nini dada yako?"

Akageuka amfuate. Fundi alikuwa ameegemea jiwe walilolipita, na ubavuni mwa jiwe hilo, upande uliojikinga na upepo, palikuwa na mstari mweupe.

Dereva alipiga magoti. Bila shaka! Mwanamke yule hakuwa mjinga wa kupaka rangi upande unaopigwa na mchanga. Wao walikuja na upepo, wakayapita mawe yake yote kwa upande wa mgongo. Ndani ya chokaa ulikuwa umeganda unywele mmoja wa brashi. Akauwekea kidole, akalia waziwazi, na fundi hakumzuia.

"Ametuelekeza kule," dereva alisema mwishowe, akiufuata mstari kwa macho. "Nishike bega."

Wakaenda hivyo, jiwe kwa jiwe, dereva akipita kila moja kisha akigeuka kutazama nyuma. Maji yaliisha. Mguu wa fundi ulivimba. Walipoiona pampu, fundi alicheka kwa sauti iliyokauka, akatambaa, akafungua kichwa cha pampu kwa spana aliyoitia mfukoni. Mpini uligoma, ukalia, kisha maji yakatoka.

Walipokwisha kunywa na kuosha kidonda, dereva aliweka kifaa juu ya zege.

"Tulia, kinasoma."

Fundi akauachia mpini. Namba zikatua. Kifaa kikauliza jina la alama.

Hapa ndipo mkewe alipomwagia chokaa shati lake jema, naye akanuna, hakumsemesha mpaka usiku. Jioni nzima ameketi karibu yake, hasemi! Sasa angetoa chochote alicho nacho aipate tena ile jioni, hata kama angebaki kununiwa yeye. Akaandika herufi moja moja, akahifadhi.

"Nikipata mtandao, nitawaandikia wale wa ukurasa," fundi alisema.

"Waambie alama zinafutika."

Lori la maji lilikuja jua likianza kulegea. Mwendeshaji wake alishuka mbio, akawatazama midomo, akarudi kushika redio yake.

"Makao makuu wanauliza nimewakuta wapi. Hapa panaitwaje?"

"Mume Kanuna," dereva alisema.

"Mume nini?"

"Kanuna. Mke wangu ndiye aliyepaita hivyo."

Mwendeshaji akalisema redioni, na huko mbali sauti ya mtu ambaye dereva hakumjua ikalirudia, ikacheka.